Je, Ndoa Itanirudisha Nyuma Kikazi?

"Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 31. Ni mhasibu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiandaa kuacha ajira ili nifungue ofisi yangu ya ushauri wa hesabu na kodi. Nimebakiza mtihani mmoja wa taaluma. Mchumba wangu ni mtu mwema, ni mhandisi, na kazi yake humpeleka mbali na nyumbani mara kwa mara. Anataka tufunge ndoa mwaka huu na tupate mtoto mapema. Shangazi yangu anasema ndoa hutuliza akili na huleta baraka, na ananionyesha kwamba wanaume wote wenye vyeo katika ukoo wetu wana wake na watoto. Mkuu wangu wa kazi, mama ninayemheshimu sana, ameniambia waziwazi kwamba nikiolewa sasa nitaizika ofisi hiyo kabla haijaanza. Wote wawili wananitakia mema. Ni yupi anayesema kweli, na je, nisubiri?"

Dada yangu, naomba kwanza niirudie hofu yako kama nilivyoielewa. Humwogopi mchumba wako, wala huichukii ndoa. Unaogopa kufika umri wa miaka arobaini na kitu ukiwa na nyumba iliyojaa watu na ofisi ambayo haikuwahi kufunguliwa, na papo hapo unaogopa kufika umri huohuo ukiwa na ofisi yenye jina lako mlangoni na hakuna anayekungoja jioni. Hofu zote mbili zina msingi. Washauri wako wamegawana: shangazi ameishika moja, mkuu wako ameishika nyingine, na kila mmoja anakupa nusu ya habari kana kwamba ndiyo habari yote.

Nianze na shangazi, maana anachokiona ni kweli. Katika nchi nyingi ambako jambo hili limepimwa, wanaume waliooa hupata kipato kikubwa kuliko wanaume wa umri na elimu kama yao ambao hawajaoa. Tatizo liko katika hitimisho analolitoa, kwamba ndoa ndiyo iliyowapandisha. Wanauchumi na wanasosholojia wamebishana juu ya hilo kwa miongo kadhaa, na njia bora ya kulipima ni kuwafuatilia watu walewale kwa miaka mingi, kabla ya harusi na baada yake. Mwaka 2018 watafiti Volker Ludwig na Josef Brüderl walifanya hivyo kwa kutumia takwimu za Marekani, wakakuta kwamba wanaume ambao mishahara yao ilikuwa tayari inapanda kwa kasi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuoa. Kwa maneno mengine, kupanda kulitangulia na harusi ikafuata. Mwanamume anayeelekea kufanikiwa huonekana kuwa mchumba mzuri, naye mwenyewe hujiona yuko tayari kubeba nyumba, kwa hiyo anaoa. Miaka ishirini baadaye jamaa humtazama na kusema ndoa imemfanya mtu.

Hata hivyo ipo sehemu ya dai la shangazi isiyofutika kwa hoja hiyo, nayo ndiyo inayokuhusu zaidi. Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliitazama familia kama mahali pa uzalishaji ambapo watu wawili wanaweza kugawana kazi: mmoja akaelekeza nguvu zake zaidi kwenye kazi ya kipato na mwingine kwenye kazi ya nyumbani, kisha wote wakaishi kwa jumla ya walichokizalisha. Mpango huo ukifanyika, yule anayetoka kwenda kazini hupata kitu ambacho mtu asiye na mwenza hana, yaani saa za mtu mwingine. Chakula kipo, mgonjwa amehudumiwa, mtoto amepelekwa na kurudishwa, wageni wamepokewa. Waangalie tena wale wanaume wenye vyeo katika ukoo wenu, na safari hii muulize shangazi ni nani aliyekuwa akiamka usiku mtoto alipolia, na ni nani aliyeacha kazi familia ilipohama. Nadhani utagundua kwamba mengi ya mafanikio hayo yalikuwa ya watu wawili, ila yaliandikwa kwa jina la mmoja.

Charles Darwin ni mfano ninaoupenda kwa jambo hili. Mwaka 1838, kabla ya kuchumbia, alikaa akaandika kwenye karatasi faida na hasara za kuoa, na miongoni mwa hasara alihesabu kupoteza muda na kubaki na fedha kidogo za kununulia vitabu. Mwaka uliofuata alimwoa Emma Wedgwood, wakapata watoto kumi, na mwaka 1859 akachapisha kazi iliyobadilisha elimu ya viumbe. Mtu anaweza kuutoa mfano huo kuthibitisha kwamba ndoa na watoto kumi havimzuii mtu kitu. Lakini Darwin alikuwa na mali ya urithi, watumishi, na mke aliyeishika nyumba na kumuuguza katika maradhi yake ya miaka mingi. Kwa hiyo ndoa ilimsaidia Darwin, na mfano wake haukuambii lolote kuhusu wewe mpaka ujue katika ndoa yako ni nani atakayekuwa Darwin na ni nani atakayekuwa Emma.

Sasa nije kwa mkuu wako wa kazi. Yeye naye anasema kitu alichokiona, na pengine alichokipitia. Ushahidi ulio wazi zaidi upande wake unatoka Denmark. Mwaka 2019 Henrik Kleven na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za serikali za nchi hiyo kulinganisha mapato ya wanaume na ya wanawake kabla na baada ya kupata mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto, mistari miwili ya mapato inakwenda karibu sambamba. Mtoto anapozaliwa, mstari wa wanawake unaporomoka na haurudi tena ulikokuwa. Kwa muda mrefu unabaki chini kwa takriban asilimia 20 ukilinganishwa na wa wanaume, ambao karibu hautikisiki. Anguko hilo linatokana na mambo matatu yanayochangia kwa viwango vinavyokaribiana: baadhi ya wanawake huacha kazi kabisa, wengine hupunguza saa, na wengine hulipwa kidogo zaidi kwa kila saa. Ikumbukwe kwamba Denmark ni nchi yenye likizo ndefu ya uzazi na vituo vya malezi vinavyogharamiwa kwa sehemu kubwa na umma. Huko nako mambo ni hayo.

Lakini angalia mstari unaporomokea wapi. Mkuu wako amekutajia harusi, ilhali takwimu zinaonyesha kitanda cha mtoto. Haya ni matukio mawili, yana tarehe mbili, na barua yako imeyafunga pamoja kwa sababu mchumba wako ameyafunga pamoja. Kuolewa kwenyewe, watu wawili wazima wakiwa ndani ya nyumba na kila mmoja akiendelea na kazi yake, hakuna sababu ya msingi ya kukuchelewesha. Kinachochelewesha ni kazi ya malezi inapoingia na kumwangukia mtu mmoja bila mazungumzo yoyote.

Kwa nini inamwangukia mmoja, hata pale ambapo wote wawili wana nia njema? Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameeleza jambo ambalo ningependa kila wachumba walielewe. Kuna kazi zenye uroho: haziridhiki na saa nane za siku, hutaka mtu apatikane usiku, mwisho wa juma, na kwa taarifa ya ghafla, na humlipa anayekubali masharti hayo zaidi sana ya anayefanya nusu ya saa zake. Nyumba yenye mtoto nayo humtaka mtu wa kupatikana ghafla. Wenza wawili hawawezi wote kushika kazi za namna hiyo, kwani hakuna atakayebaki kuitikia wito wa nyumbani. Na wote wawili wakichukua kazi tulivu, familia inapoteza fedha nyingi. Kwa hiyo wanakaa, wanapiga hesabu, na hesabu inawaambia kwamba mmoja achukue kazi yenye uroho na mwingine awe mtu wa akiba. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake kwa makusudi. Ila mara nyingi sana mtu wa akiba huwa ni mke, na baada ya miaka kumi pengo la kipato na la uzoefu limekuwa kubwa kiasi kwamba kubadilishana nafasi hakuwezekani tena.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha barua yako, nacho hakikuguswa na shangazi wala mkuu wako. Umeniambia kwa kupita tu kwamba kazi ya mchumba wako humpeleka mbali mara kwa mara. Maana yake ni kwamba msipoamua lolote, uamuzi umeshafanyika: yeye hayupo, kwa hiyo mtu wa akiba ni wewe. Nawe unakusudia kufungua ofisi ambayo, kwa asili ya kazi ya kodi, ina majira ya utulivu na majira ambayo wateja wote wanakutaka kwa siku zilezile, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani ni moja kwa wote. Kujiajiri kutakupa uhuru ambao ajira haina. Unaweza kupanga kikao saa nne badala ya saa mbili, na hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi. Lakini ofisi changa haina mtu wa kukushikia nafasi. Mwajiriwa akiugua, kampuni inaendelea. Wewe ukikosekana wiki moja katika msimu wa kodi, mteja anatafuta mhasibu mwingine na mwakani harudi.

Zaidi ya saa zenyewe, kuna mzigo wa kufikiria. Mtu anaweza kuwa na mume anayeosha vyombo kila siku na bado akawa ndiye peke yake anayekumbuka tarehe ya chanjo, anayejua dawa imebaki kiasi gani, na anayepigiwa simu na mwalimu. Kazi ya hesabu huhitaji umakini usiokatizwa. Mzigo huo hauonekani katika mgawo wowote wa kazi za nyumbani, na kwa uzoefu wangu ndio unaowachosha wanawake wenye taaluma kuliko kazi ya mikono.

Nisije nikaonekana nimemwelemea mkuu wako, yapo mambo mawili makubwa ambayo yeye ameyaacha. La kwanza ni kwamba ndoa ni bima. Mtu mmoja akiacha ajira na kufungua ofisi, miezi ya mwanzo ambayo wateja ni wachache huila akiba yake yote, na wengi hurudi kwenye ajira kabla biashara haijapata nafasi ya kusimama. Wenza wawili wakiwa na mshahara mmoja wa uhakika, huweza kuvumilia kipindi hicho. Mshahara wa mhandisi huyo unaweza kuwa ndio mtaji wako mkubwa kuliko mkopo wowote. (Bima hiyo ina upande wa pili pia: ukikopa ukiwa ndani ya ndoa, deni linaweza kuwagusa wote wawili na hata ndugu zake, kwa hiyo ni jambo la kuzungumzwa mapema.)

La pili ni aina ya mtu unayeishi naye. Mwaka 2014 Brittany Solomon na Joshua Jackson walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miaka mitano karibu watu 5,000 walio katika ndoa nchini Australia. Walitaka kujua ni tabia gani ya mwenza inayohusiana na mafanikio ya kikazi ya mtu. Ucheshi haukuonekana kuwa na uhusiano huo, wala upole. Uliohusiana na kipato, kupandishwa cheo na kuridhika na kazi ulikuwa uwajibikaji, yaani tabia ya mtu anayemaliza alichokianza, anayetunza mpangilio na anayeweza kutegemewa. Sababu walizozipendekeza zinaeleweka: mwenza wa namna hiyo hubeba sehemu yake ya kazi za nyumbani, tabia zake njema huambukiza, na nyumba isiyo na vurugu humwacha mtu na nguvu za kazini. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, lakini unanifanya niyasome upya maneno yako. Umeandika kwamba ni mtu mwema, nami nakuamini. Hukuandika kama ni mtu wa kutegemewa katika mambo madogo. Ulipokuwa ukijiandaa kwa mitihani iliyopita, alifanya nini? Alikuuliza unaendeleaje, au alichukua shughuli fulani mkononi mwako bila kuombwa? Kwa swali hili matendo aliyokwisha kuyafanya yana uzito kuliko ahadi yoyote atakayoitoa sasa.

Familia pana nayo ina nafasi yake, na si lazima iwe mzigo. Marie Curie aliolewa mwaka 1895 na kupata mtoto wa kwanza mwaka 1897, katika miaka ileile alipokuwa akianza utafiti uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Aliyemlea mtoto huyo kwa sehemu kubwa alikuwa baba mkwe wake, Eugène Curie, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Mumewe Pierre alifariki mwaka 1906, mzee huyo akaendelea kukaa na wajukuu wake wawili, na Marie akapata tuzo ya pili mwaka 1911. Kwa hiyo unapopima familia unayoingia, usiishie kwa mume. Tazama kama wakwe wanaiona kazi yako kuwa kitu cha kweli au kuwa shughuli ya kupitisha muda, maana ndugu haohao wanaoweza kukulelea mtoto ndio wanaoweza pia kugeuza ofisi yako kuwa mfuko wa kila mwenye shida.

Kuhusu "ndoa hutuliza akili", nitasema kwa ufupi. Utafiti mkubwa wa Richard Lucas na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 kwa kutumia takwimu za miaka 15 kutoka Ujerumani, ulionyesha kwamba kwa wastani furaha ya watu hupanda karibu na wakati wa harusi kisha hurudi polepole pale ilipokuwa. Usiolewe kama dawa ya wasiwasi.

Sasa nikujibu swali la mwisho: usubiri? Maoni yangu ni kwamba usiiahirishe ndoa kwa ajili ya ofisi, lakini itenganishe na mtoto, na usikubali tarehe yoyote kabla ya mazungumzo nitakayoyataja. Mtihani mmoja uliobaki ni jambo la kuisha. Umalize kwanza, hata kama ni kusogeza harusi kidogo, kwa sababu mtihani unaoahirishwa baada ya harusi huwa mgumu kuurudia. Mkioana na kukubaliana kuiacha ofisi isimame kabla ya mtoto, unapata ile bima niliyoitaja na unakwepa kuanza mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja. Gharama ya njia hii ni ya kibaolojia na sitaificha: uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua polepole kuanzia miaka ya mwanzo ya thelathini, na hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35 hivi. Ukiwa na miaka 31 una nafasi ya kupanga, lakini nafasi hiyo haina upana usio na mwisho. Kumtangulizia mtoto kisha ofisi ni njia halali vilevile, na baadhi ya wanawake huipenda kwa sababu wakishafungua biashara hawakatizwi tena. Hatari yake ni kwamba ofisi hugeuka kuwa jambo la mwakani, kila mwaka. Kuvunja uchumba kwa sababu ya kazi peke yake nisingekushauri, ila kama mazungumzo hayo yataonyesha kwamba yeye hana mpango wa kubadilisha chochote katika ratiba yake, basi utakuwa umeijua bei kabla ya kununua.

Wala usidhani mlango wa biashara unafungwa ukifika miaka 35. Utafiti wa Pierre Azoulay na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliangalia kampuni changa za Marekani zilizokua kwa kasi kubwa kuliko zote, ukakuta wastani wa umri wa waanzilishi wake wakati wa kuanzisha ulikuwa miaka 45. Ofisi ya mhasibu si kampuni ya namna hiyo, lakini uzoefu na wateja wanaokujua vina thamani kubwa zaidi katika kazi yako kuliko katika nyingi.

Mazungumzo yenyewe yasiwe ya kanuni. Kila mwanamume wa leo atakubali kwamba kazi zigawanywe sawa. Makubaliano hayo hayana gharama. Chukueni wiki moja na muijadili kwa undani: mtoto ana miezi minane, yeye yuko safarini, zimebaki siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho ya ritani, na mtoto ameamka na homa. Nani anabaki nyumbani? Kama ni msaidizi au bibi, nani anamlipa, nani anampigia simu, na nani anashika nafasi siku ambayo naye hawezi kuja? Je, mchumba wako yuko tayari kuomba kituo kisicho na safari kwa miaka miwili, hata kama kitapunguza mshahara? Na ofisi ikistawi kiasi cha kukupa kipato kikubwa kuliko chake, atalichukuliaje? Swali hilo la mwisho si la kumchokoza. Olle Folke na Johanna Rickne walikuta nchini Sweden kwamba wanawake waliopanda kuwa mameya au wabunge waliachana na waume zao kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake waliogombea wakashindwa, ilhali kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana; na talaka hizo zilijikita zaidi katika ndoa ambazo tangu mwanzo mke alikuwa amebeba sehemu kubwa ya likizo ya malezi au alikuwa mdogo sana kwa mumewe. Ndoa iliyopangwa kwa hesabu kwamba mke atabaki nyuma hupata shida mke asipobaki nyuma. Akikujibu "tutaona huko mbele", liandike hilo kama jibu, usiliandike kama ukimya.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na naomba uonane na mtu ana kwa ana. Kama ukiyaanzisha mazungumzo haya unaona woga, au umeanza kumficha mipango ya ofisi, au yeye amewahi kukutisha, kudai kushika mshahara wako, au kukutaka uache kazi kama sharti la kuolewa, nenda peke yako kwa mshauri wa ndoa au mwanasaikolojia kabla hujazungumza naye tena. Hayo si masuala ya kugawana saa. Kama umewahi kuwa na matatizo ya hedhi, uvimbe kwenye kizazi, au katika familia yenu wanawake hukoma hedhi mapema, mwone daktari wa magonjwa ya wanawake kabla ya kuamua kuchelewesha mtoto, kwa sababu ushauri wangu wa kuyatenganisha mambo haya mawili unaweza kubadilika kabisa kutokana na majibu ya vipimo. Na kwa kuwa sheria za mali ya wanandoa na madeni ya biashara hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, muulize mwanasheria namna ya kuisajili ofisi hiyo ukiwa bado hujaolewa.

Hata kama hakuna dalili yoyote kati ya hizo, ningependa muende pamoja kwa mshauri wa kabla ya ndoa mara mbili au tatu, mkiwa na majibu yenu ya ile wiki ya homa yameandikwa, kila mmoja na karatasi yake, bila kuonyeshana kwanza. Nendeni kabla tarehe haijatangazwa kwa ndugu. Mwaliko ukishatoka, watu wengi huona haya kusema kwamba wamegundua jambo.